Kabla hujavunja ukuta: utajuaje bomba za nyumba ya zamani zimechoka kweli

Wengi huwa tunakumbuka bomba siku ukuta umeanza kutoa jasho au dari imechoreka duara la kahawia, hapo fundi anaitwa mbio mbio, anafika, anagonga gonga, anatikisa kichwa, anasema hizi zote za kutoa. Labda kweli, labda anataka kazi kubwa, na we huna cha kumjibu kwasababu hujui bomba zako ni za nini, zina miaka mingapi na zimeshawahi kuvuja wapi. Haya ni ya kufanya kabla, nyumba ikiwa bado kavu. Au kabla hujanunua nyumba ya zamani, maana wanunuzi wanaangalia rangi na vigae vipya, anayepiga magoti chini ya sinki simjui.

Basi anza na magoti. Fuata bomba kutoka kwenye mita mpaka inapoingia ndani, tafuta mahali ipo wazi, halafu chukua sumaku (hata ile ya kwenye friji inatosha) na sarafu moja. Sumaku ikinata hicho ni chuma, na kwenye nyumba za zamani mara nyingi ni chuma kilichopakwa zinki. Isiponata, ukakwaruza kidogo ikatoka rangi nyekundu nyekundu inayong'aa, hiyo shaba. Isiponata, ikakwaruzika kirahisi kabisa kwa sarafu, na pale ulipokwaruza pakang'aa kama fedha, hiyo ni risasi, yale madini laini yenye sumu, na hapo huhitaji dalili nyingine yoyote, inatakiwa itoke hata kama haijawahi kuvuja tone. Baada ya hapo nawa mikono.

Nikae hapo kwenye risasi kidogo maana ndo pekee ambayo haikuonyeshi kitu. Haibadilishi rangi ya maji, haina ladha, haina harufu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kwamba hakina madhara, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na mimba, ubongo wa mtoto ndo unaoguswa. Marekani walipiga marufuku kuweka bomba za risasi na risasi ya kulehemu kwenye mifumo ya maji ya kunywa mwaka 1986, kwahiyo hata bomba ya shaba ya zamani inaweza kuwa na jointi zilizolehemewa kwa risasi, ukiona shaba usishangilie mapema. Na kitu ambacho watu wengi hawakijui, kuchemsha maji hakutoi risasi, unachopunguza ni maji tu, risasi inabaki pale pale kwenye sufuria. Maji ya moto yanaiyeyusha zaidi kuliko ya baridi, kwahiyo ya kunywa na kupikia chota kwenye koki ya baridi, na asubuhi acha yatiririke kwanza maana yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha ndo yamebeba mzigo. Ukitaka uhakika peleka maji maabara, macho hayawezi.

Mtu atasema bomba hizo zipo miaka yote na hatujafa. Mji wa Flint, kule Michigan, Marekani, nao bomba zilikuwepo miaka yote. Mwaka 2014 mji ukabadilisha chanzo cha maji, wakaanza kuchota mtoni bila kuweka dawa ya kuzuia maji yasile bomba, ule utando uliokuwa umejijenga ndani ukaanza kubanduka, risasi ikaingia majumbani kwa watu. Bomba zilikuwa zile zile, kilichobadilika ni maji. Kwahiyo bomba kukaa kimya miaka 40 sio cheti.

Sasa chuma, ambacho ndo wengi mnacho. Zinki ikishaisha kwa ndani kutu inaanza kuota vinundu vinundu, tundu linajibana, bomba ya nusu inchi unaweza kuikata ukakuta imebaki njia ya penseli. Kwa kawaida zinahesabiwa miaka kama 40 mpaka 50, zingine zinapita zingine hazifiki, inategemea maji. Shaba huwa inaenda 50 na zaidi, ila maji yenye asidi yanaitoboa vitundu vya sindano, na utaona sinki au beseni lina madoa ya bluu au kijani pale maji yanapodondokea. Kuna pia plastiki fulani inayopindika, mara nyingi ya kijivu, inaitwa polibutileni, Marekani waliifunga sana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 mpaka katikati ya 1990, inaharibika na klorini ya maji na inaachia kwenye jointi bila kuaga. Ukiikuta hiyo panga kuitoa, usisubiri.

Umri peke yake lakini hauhukumu, kwahiyo pima. Watu wanasema presha imeshuka, mara nyingi sio presha, ni wingi wa maji, na hivi ni vitu viwili tofauti: ukifunga koki zote geji (kile kipimo cha presha) inaweza kusoma vizuri kabisa kwasababu maji yamesimama, ila fungua koki mbili kwa pamoja uone moja inavyokata roho. Chukua ndoo ya lita 10, hesabu sekunde inajaa kwa muda gani kwenye koki iliyo karibu na mita, alafu fanya hivyo hivyo kwenye koki ya mwisho kabisa ya nyumba. Tofauti ikiwa kubwa sana kuna kitu kimebana katikati. Ila kabla ya yote toa kile kichujio cha kwenye mdomo wa koki, kisafishe, maana nimeshaona mtu anapanga kubadilisha bomba za nyumba nzima kumbe ni mchanga umejaa pale. Linganisha pia baridi na moto, kwenye chuma bomba za moto ndo huwa zinatangulia kuziba, hasa zile zilizofungwa kwa kulala, sio za kusimama. Na tafadhali usinunue pampu ya kusukuma ili kutibu bomba iliyoziba, utapata maji siku mbili tatu alafu kila jointi iliyokuwa inajikaza kwa kutu itakuachia.

Rangi ya maji nayo ina maelezo yake. Kinga maji ya kwanza ya asubuhi kwenye glasi nyeupe. Yakitoka kahawia yakasafika baada ya dakika moja au mbili, kutu ni ya ndani kwako. Yakiendelea kuwa machafu muulize jirani, kama na yeye yake yako hivyo basi ni bomba kubwa la mtaani, usivunje ukuta wako kwa kosa la mtaa. Yakiwa kahawia upande wa moto tu, hita ndo ya kuangalia kwanza.

Kuvuja kusikoonekana unapima na mita. Usiku watu wamelala, funga kila kitu, soma namba, kaa saa mbili bila mtu kugusa maji, soma tena. Ikiwa imesogea, funga koki kuu ya kuingilia ndani urudie: ikisimama tatizo lipo ndani, ikiendelea kusogea lipo kati ya mita na nyumba, chini ya ardhi. Ila kabla hujalaumu bomba weka rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usiflashi, subiri kama dakika 20, rangi ikionekana chini kwenye bakuli ni ule mpira wa ndani ya tangi umechoka, hamna bomba hapo.

Hiyo koki kuu yenyewe ijaribu taratibu. Kama haijazungushwa miaka 20 usiilazimishe, ikikatikia mkononi utahitaji maji yafungwe kule nje ndo upumue. Na hapa nikiri ujinga wangu, kuna siku niliona kwenye bomba ya chuma kidonda kidogo cha kutu kimevimba, kikavu, nikasema ngoja nisafishe nione vizuri, nikakwangua na bisibisi, nikapata kachemchemi usoni. Kumbe ile ilikuwa imevuja zamani ikajiziba yenyewe kwa kutu na chumvi ya maji. We ukiona vidonda hivyo, vyekundu kwenye chuma au vya kijani na vyeupe kwenye shaba, vihesabu, vipige picha, uviache.

Kuhesabu ndo kazi yenyewe kwa kweli. Bomba kuvuja mara moja kwasababu mtu alipigilia msumari, hiyo ajali, ziba endelea na maisha. Lakini ikivuja jikoni mwaka jana, bafuni mwaka huu, na sasa nyuma ya ukuta wa chumba, sehemu tatu tofauti na hakuna aliyezigusa, zimefungwa siku moja na zimekunywa maji yale yale, kwahiyo zilizobaki nazo ziko njiani. Unachozibia hapo ni kununua miezi. Mbaya zaidi ni viraka vyenyewe, fundi anakata chuma anaunganisha na shaba moja kwa moja, chuma na shaba zikikutana ndani ya maji chuma kinaliwa haraka pale pale kwenye jointi, inatakiwa kiungio maalum cha kutenganisha, au angalau kipande cha brasi katikati. Kwa risasi ndo usithubutu kutoa kipande ukaacha kingine, ule mtikisiko wa kukata unaweza kupandisha risasi kwenye maji kwa muda, toa yote.

Maji machafu yanayotoka nje ni habari nyingine, usiyachanganye na haya. Sinki moja likienda pole pole ni uchafu wa hapo, ila nyumba nzima ikienda pole pole, choo kinabwabwaja ukifungulia bafu, na kuna harufu, bomba kubwa la chini lina lake: la chuma cha kalibu linaoza au limepasuka, la udongo mizizi ya miti imeingia kwenye jointi. Hapo ulizia mwenye kamera ya kuingiza ndani ya bomba, uone video mwenyewe, kabla mtu hajaanza kuchimba.

Ukishaamua kutoa, kuna mawili ambayo fundi bomba anaweza asiyaseme. La kwanza umeme. Nyumba nyingi za zamani waya wa ethi (ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini) ulifungwa kwenye bomba ya maji ya chuma, ukiitoa ukaweka plastiki umeikata ethi ya nyumba nzima na taa zitaendelea kuwaka kama kawaida, hutajua mpaka mtu apigwe shoti. Fundi umeme aje kabla, sio baada. La pili ni yale matambara meupe au ya kijivu yaliyozungushiwa bomba za moto za zamani, yanaweza kuwa na asbesto, usiyachane wala kuyafagia, ita mtu wa kuyapima.

Bomba mpya ni PEX au PPR (hizi mbili ni plastiki) au shaba, kila moja ina wenyewe wanaoisifia, mi ninachoangalia ni kwamba fundi ameizoea na imeandikwa inafaa kwa maji ya moto, maana PVC ya kawaida haifai upande huo. Kama unabadilisha vigae au unakarabati bafu, fanya bomba wakati huo huo hata kama hazijaanza kuvuja, gharama kubwa iko kwenye kuvunja na kurudishia. Na kabla plasta haijapigwa zijaribiwe kwa presha kubwa kuliko ya kawaida, ziachwe masaa kadhaa geji isishuke, we upo unaangalia, alafu piga picha kila ukuta ukiwa na futi kamba pembeni ili siku ya kutoboa ukuta utundike kitu ujue pa kutopita.

Siku maji yanarudi toa vichujio vyote vya kwenye koki kwanza, maana makapi ya kukatia bomba na vumbi vitashuka vyote kwa pamoja, fungulia koki ya chini ya bafu au ya nje ndo ianze, acha itapike mpaka maji yawe meupe, ya jikoni iwe ya mwisho.