SOMO: Mtindo gani wa kuchora grafu za Grafana (someni kabla ya kunitumia picha)

Asalaam aleikum. Kila wiki naletewa picha ya kioo kilichopigwa kwa simu, imepinda, na swali ni lilelile: "Kaka, mbona grafu yangu haieleweki?" Naandika mara moja. Grafana ni programu ya kuchora grafu kutokana na vipimo. Mifano ni ya nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu: betri za sola, tangi, pampu, ruta.

1. Chagua paneli ya mfululizo wa muda (Time series). Kama toleo lako ni la chini ya 8, pandisha kwanza.

2. Jiulize: kati ya kipimo kimoja na kinachofuata, kitu chenyewe hufanya nini? Joto la betri hupanda taratibu, basi mstari. Lita zilizosukumwa kila saa ni jumla ya saa nzima, basi nguzo. Pampu imewaka au imezima, basi ngazi. Ukiichorea pampu mstari wa mshazari kutoka 0 hadi 1, umesema iliwaka nusu. Ngazi ziko mbili. Chukua ile ambayo nukta hukaa mwanzoni mwa kidato, maana hali iliyoripotiwa hudumu mpaka taarifa nyingine ifike.

3. Unene 1 au 2. Ukolezo wa rangi ya chini ya mstari, 10 hivi. Mistari ikizidi mitatu, 0.

4. Asilimia: funga mhimili 0 hadi 100. Ukiuacha ujipangie, betri ikitoka 99 kwenda 97 utadhani imekufa.

5. MAPENGO. Hapa someni polepole. Umeme ukikatika na ruta ikazima kwa muda wa saa mbili, grafu inatakiwa ikatike. Wengi huzima mpangilio wa kuunganisha thamani tupu (null), kisha wanashangaa mstari bado umevuka pengo. Sababu: mara nyingi hifadhidata haileti thamani tupu, haileti kitu kabisa, kwa hiyo hakuna tupu ya kuacha wazi. Kuna mpangilio wa pili, wa kukata mstari muda fulani ukipita bila kipimo. Kipimo kikija kila dakika, weka dakika 3. Usiweke dakika 1! Kipimo kikichelewa sekunde chache tu, grafu yote inageuka nukta. Na kamwe usijaze pengo kwa 0: tangi lisilopimwa si tangi tupu, na mtu ataamshwa usiku bure.

6. Hifadhi.

MASWALI

Mkomani7: Betri zangu mbili zinaonyesha 130%. Grafana ina kasoro?
— Umezirundika. 70 na 60 ni 130. Zima mrundiko.

Mkomani7: Sijarundika kitu mimi.
— Angalia tena.

Fundi wa Langoni: Nikitazama mwezi mzima, kilele cha intaneti cha usiku kinapotea. Kwa siku moja kinaonekana.
— Swali zuri, shekhe. Kwa mwezi, kila nukta huwa ni wastani wa vipimo vingi, na kilele cha dakika tano humezwa. Ongeza mstari wa pili unaochukua kiwango cha juu badala ya wastani, mwembamba, rangi iliyofifia.

Mkomani7: Haya, ilikuwa imerundikwa.
— Sawa.

Bin Pate: Nina kipima kina cha maji gatini. Nilainishe mstari? Unapendeza.
— Kipimo kikiwa kila dakika 10 huna haja, utajipinda wenyewe. Kikiwa kila saa 3, kulainisha kunabuni kilele ambacho hukukipima, kwa kuwa maji hujaa au kupwa kwa saa 6 na kitu. Onyesha nukta, watu wajue wapi pamepimwa. Kisha fungua siku 15 kwa pamoja uone bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) kwenye mhimili mmoja.

Bin Pate: Manahodha wanataka kujua saa ya kupita Mkanda tu, ule mkondo kati ya Manda na bara.
— Basi waulize chombo chao kinataka kina gani, kisha uone kina cha gatini kinalinganaje na cha Mkanda. Gati si mkondo. Ukishapata kiwango chako, kichoree mstari wa nukta nukta na upake rangi chini yake. Hawatasoma namba, wataangalia rangi.