Jinsi ya kumsajili mfanyakazi wako wa kwanza Kenya: KRA, NSSF na SHA

Umeajiri kijana wa kukusaidia dukani, au dada wa kazi nyumbani, na mshahara wenyewe ni mdogo hata haufiki kiwango cha kutozwa PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Wengi huishia hapo: hakuna kodi, basi hakuna la kufanya. Sheria haisemi hivyo. NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni), bima ya afya ya SHA na ushuru wa nyumba (Housing Levy) havisubiri mshahara ufike kiwango hicho, na wewe uliyeajiri mtu nyumbani ni mwajiri kama mwenye kiwanda.

Anza na mkataba, kabla hujafungua tovuti yoyote. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Ukurasa mmoja unatosha: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mshahara, saa za kazi, siku moja ya kupumzika kila wiki, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Asiyejua kusoma asomewe na kuelezwa, kisha aweke kidole. Kumwita "kibarua" hakukusaidii, kwa sababu kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi mahakama humhesabu kama mwajiriwa wa kawaida.

Kwenye mshahara, andikeni kiasi cha kabla ya makato. Ugomvi mwingi huzaliwa hapa: mwajiri anasema elfu ishirini, mfanyakazi anasikia elfu ishirini mkononi, na mwisho wa mwezi kila mmoja anaona mwenzake ni mwongo. Angalieni pia kima cha chini. Kwa amri iliyoanza Novemba 2024, mfanyakazi wa nyumbani katika jiji kama Nairobi, Mombasa au Kisumu hapaswi kupata chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na hapo marupurupu ya nyumba hayajaingia. Kama halazwi kwako, mwongezee marupurupu hayo.

Sasa kusanya namba zake. Unahitaji kitambulisho cha taifa, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi kutoka mamlaka ya mapato), namba ya uanachama wa NSSF, na usajili wa SHA. SHA ndiyo rahisi: apige *147# kwa simu yake na kufuata maelekezo. Asiye na PIN aende Huduma Centre, au akae nawe saiba (duka la intaneti) dakika chache. Usikubali kijana wa saiba amfungulie kwa barua pepe ya saiba. Siku nenosiri likipotea mtahangaika.

Upande wako, milango ni mitatu. Kwanza KRA: ingia iTax, tovuti yao ya kodi, kwa PIN yako, nenda kwenye menyu ya usajili, sehemu ya kurekebisha maelezo ya PIN, uongeze wajibu wa PAYE. Tarehe unayojaza iwe ile aliyoanza kazi kweli. Usiufungue mapema kwa sababu unapanga kuajiri mwaka ujao, maana ukishaidhinishwa unadaiwa ritani (taarifa ya kodi) kila mwezi, hata kama hakuna mtu. Pili NSSF: jisajili kama mwajiri kwenye tovuti yao, upewe namba yako ya mwajiri, kisha umwingize mfanyakazi chini yake. Tatu SHA: vivyo hivyo, akaunti ya mwajiri na orodha ya wafanyakazi. Kuwa na nakala za kitambulisho na PIN yako, na cheti cha biashara kama ni duka.

Hesabu sasa. Chukua mshahara wa 20,000 kwa viwango vya 2025:

NSSF, asilimia 6: 1,200
SHA, asilimia 2.75: 550
Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5: 300
Mkononi: 17,950

Wewe unaongeza 1,200 nyingine ya NSSF na 300 nyingine ya nyumba, yaani 1,500 kutoka mfukoni mwako. SHA ni ya mfanyakazi peke yake, wewe unaikata na kuipeleka tu. Ukiwa na duka, kumbuka pia NITA, tozo ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, ambayo humkati. Na mshahara ukiwa mdogo sana, SHA haishuki chini ya 300.

PAYE kwa huyu ni sufuri, kwani kiwango kinaanzia 24,000. Mshahara ukipanda hadi 30,000, kuna jambo lililobadilika ambalo wahasibu wa mtaani bado hulisahau. Tangu 27 Desemba 2024, SHA na ushuru wa nyumba hutolewa kwanza, pamoja na NSSF, ndipo kodi ihesabiwe. Toa 1,800, 825 na 450, unabaki na 26,925. Asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400, asilimia 25 ya 2,925 inayobaki ni 731.25. Ondoa nafuu ya kodi ya kila mwezi, 2,400, na PAYE yake ni 731.25. Karatasi ya hesabu ya 2023 itakupa jibu tofauti, na anayeumia ni mfanyakazi.

Kila mwezi, pakua fomu ya P10, yaani ritani ya PAYE, kutoka iTax. Ni faili ya Excel yenye makro, kwa hiyo fanyia kwenye kompyuta, si simu. Jaza, thibitisha, upate faili ya zip, uipandishe. Ushuru wa nyumba umo ndani ya fomu hiyohiyo, lakini malipo yake hutengenezwa peke yake: kwenye orodha usiutafute chini ya kodi ya mapato, uko chini ya mapato ya wakala. Utapewa namba ya malipo, ambayo kwa M-Pesa ndiyo unayoiweka kama akaunti kwenye Paybill 222222. NSSF na SHA hulipwa kupitia tovuti zao wenyewe.

Jiwekee tarehe 9 ya mwezi unaofuata kwa vyote. Ritani ya PAYE ikichelewa, faini ni asilimia 25 ya kodi au shilingi 10,000, ile iliyo kubwa. Soma tena: mwenye PAYE ya sufuri anaangukia kwenye 10,000. Ushuru wa nyumba unaochelewa huongezeka kwa asilimia 3 kila mwezi. Lakini SHA usipoipeleka, anayejua kwanza ni mfanyakazi wako, akiwa hospitalini na mtoto mgonjwa, akiambiwa michango yake haionekani.

Mpe hati ya mshahara inayoonyesha kila kato, hata kwa mkono kwenye daftari la risiti, nawe ubaki na nakala.

Siku akiondoka, mwandikie cheti cha utumishi na umtoe kwenye orodha za NSSF na SHA. Kama hutaajiri mwingine, omba KRA wakuondolee wajibu wa PAYE kupitia iTax. Mpaka ombi liidhinishwe, endelea kupeleka ritani ya sufuri kila mwezi.