Jinsi ya Kuwatenganisha akina Heinrich wa Reuss

Ukoo wa Reuss ulitawala vijinchi viwili mashariki mwa Thuringia, Ujerumani, hadi Novemba 1918, na watoto wake wote wa kiume waliitwa Heinrich. Si mrithi peke yake: kila mvulana, hata aliyefariki angali mchanga. Wenyewe husema ni kumuenzi Kaisari Heinrich VI, aliyewafadhili wazee wao, wasimamizi wa mji wa Weida, mwishoni mwa karne ya 12. Kwa sisi tunaopenda kuchora nasaba za watu wasiotuhusu ndewe wala sikio, hii ni adhabu. Dawa yake ipo, nayo huanza kwa kuiweka pembeni namba ya Kirumi inayofuata kila Heinrich.

Uliza kwanza tawi. Mwaka 1564 ukoo uligawanyika mafungu matatu. Tawi la Kati lilikatika 1616. Likabaki Tawi la Mkubwa lenye makao Greiz, na Tawi la Mdogo lililoshika Gera, Schleiz, Lobenstein, Ebersdorf na Köstritz. Kwenye maandishi ya Kijerumani, angalia herufi zinazofuata jina Reuss: “ä. L.” ni Mkubwa, “j. L.” ni Mdogo. Zisipokuwepo, tafuta mji.

Sasa irudie namba, lakini usiisome kama namba za wafalme wa Ufaransa, ambako Louis XV hufuata Louis XIV kwenye kiti. Hapa namba hutolewa kwa zamu ya kuzaliwa katika tawi zima, awe mtoto wa mtawala au wa binamu asiye na chochote. Greiz walikusudia kuhesabu hadi 100 ndipo waanze upya. Tawi la Mdogo walianza upya na I kila karne mpya. Ndiyo maana orodha ya watawala wao inasomeka kama namba za simu: Heinrich LXII, aliyezaliwa 1785, akafuatwa na mdogo wake LXVII, wa 1789, huyo akarithiwa na mwanawe XIV, wa 1832, kisha mjukuu XXVII, wa 1858. Kutoka 67 hadi 14, na hakuna ukurasa uliochanwa. Karne iligeuka, basi. Na zile namba nne kati ya ndugu wawili zilikwenda kwa wavulana wengine wa tawi hilohilo.

Kwa hiyo kadi zangu huandikwa vitu vitatu kwa mpangilio mmoja: namba, mwaka wa kuzaliwa, mji. Pungukiwa kimoja tu, utampa mtu mke wa mwingine. Mfano ninaoupenda ni XXIV. Yupo XXIV/1855/Köstritz, mtunzi wa muziki aliyekuwa karibu na Brahms, mtunzi mashuhuri wa Kijerumani. Yupo pia XXIV/1878/Greiz, aliyerithi kiti 1902 lakini afya yake haikumruhusu kutawala, ndugu wa Tawi la Mdogo wakamshikia usukani. Wote wawili walikuwa hai kwa wakati mmoja. Ukiona jina hilo juu ya karatasi ya nota, unajua wa kumfikiria.

Cheo nacho husaidia, ila kwa tahadhari. Ukoo ulipewa cheo cha Graf, yaani kabaila, mwaka 1673. Greiz walipanda kuwa Fürst, cheo cha juu zaidi cha mwanamfalme mtawala, mwaka 1778, Lobenstein 1790, na wengine 1806. Heinrich XI wa Greiz alizaliwa 1722 na kufa 1800, kwa hiyo anaonekana kama Graf katika hati za mwanzo na Fürst katika za baadaye. Ni yeye yule. Usimfungulie kadi ya pili.

Ukirudi nyuma ya 1668, ulipowekwa utaratibu wa namba, shikilia majina ya utani: Mkubwa, wa Kati, Mdogo. Mengi hayana ladha. Lipo moja lenye ladha: Heinrich Posthumus wa Gera, aliyezaliwa 1572 baada ya babake kufa. Huyu aliagiza jeneza lake mapema na kuliandikisha aya za Biblia alizozichagua mwenyewe, na alipofariki 1635, mtunzi wa muziki Heinrich Schütz alizitungia aya hizohizo muziki wa mazishi. (Heinrich huyo wa pili si wa ukoo. Usianze kumtafutia tawi.)

Ukikwama kabisa, acha wanaume, tafuta mwanamke. Mabinti walipewa majina ya kawaida, na ndoa zao zinajulikana. Hermine, aliyeolewa 1922 na Wilhelm II, kaisari wa zamani wa Ujerumani aliyekuwa uhamishoni Uholanzi, ni binti wa Heinrich XXII wa Greiz. Ukimpata yeye umempata na baba. Na Augusta wa Ebersdorf, aliyezaliwa 1757, ni bibi wa Malkia Victoria wa Uingereza na pia wa Albert mumewe. Baba yake Augusta? Heinrich XXIV, wa tatu sasa, kutoka hesabu ya karne ya 18. Kadi yake: XXIV/1724/Ebersdorf, na nyuma yake kwa kalamu nyekundu, “baba Augusta”.