Wagonjwa walioacha utafiti wa kiharusi: washughulikie kabla hujapiga wastani

Juzi nilikaa na mwanafunzi wa uzamili aliyefuatilia wagonjwa wa kiharusi mwaka mzima kwenye mazoezi tiba. Safu yake ya alama za Barthel (uwezo wa mgonjwa kujihudumia) ya mwezi wa 12 ilijaa masifuri. Nikamuuliza, hawa wote hawawezi hata kushika kijiko? Akacheka: "Hapana kaka, hao hawakuja." Kipimo cha Barthel kinaanzia 0 hadi 100, na 0 ni mtu wa kitandani anayefanyiwa kila kitu. Tukaanza upya.

Hatua ya 1. Futa sifuri za uongo, acha seli wazi.

Hatua ya 2. Chora mchoro wa CONSORT, yaani wa kuonyesha wangapi walibaki kila hatua: walioandikishwa, waliofika mwezi wa 3, wa 6, wa 12. Kila kundi, la mazoezi na la kulinganishia, peke yake.

Hatua ya 3. Tafuta kila aliyepotea alikwenda wapi. Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima kwenye utafiti wangu wa kwanza, kwa sababu wote nilikuwa nimewaandika "hakupatikana". Nilipoanza kupiga simu, mmoja alikuwa amepelekwa Singida kwa kaka yake; Dar hakukuwa na wa kumgeuza kitandani. Mwingine alisharudi kwenye cherehani yake na haoni kwa nini apoteze siku kuja kupimwa. Wa tatu alikuwa ameshazikwa. Msimbo mmoja, watu watatu tofauti kabisa. Aliyezidiwa anaondoka, aliyepona anaondoka, na ukibaki na wa katikati wastani wako unapendeza bila kusema ukweli.

Kwa hiyo siku ya kuandikisha chukua namba tatu: yake, ya anayemuuguza na ya ndugu wa kijijini. Laini isiyotumika hufungwa, baadaye namba hupewa mtu mwingine; nimewahi kuongea dakika tano na muuza samaki asiyejua lolote. Ndiyo maana usitaje ugonjwa kabla hujajua nani kapokea. Ukishamjua, anza na "Shikamoo mama, mgonjwa anaendeleaje?" Ukianza na "mbona hamkuja?" watakuambia nauli hata kama sababu ni nyingine. Lakini nauli nayo ni kweli: mgonjwa haji peke yake, na daladala hapandi, ni bajaji kwenda na kurudi. Mimi humrudishia anayemleta papo hapo, taslimu. Haya yote, hasa kumpigia ndugu, yawe kwenye fomu ya ridhaa na kibali cha maadili. Kama hayamo, omba marekebisho kwanza.

Waliofariki si "data zilizokosekana". Usimkisie marehemu alama za kutembea, waripoti kivyao.

Hatua ya 4. Linganisha walioondoka na waliobaki kwa vipimo vya siku ya kwanza: Barthel, umri, umbali, kama yupo wa kuwauguza. Angalia ukubwa wa tofauti, usihangaike na thamani ya p (kipimo cha kama tofauti ni ya bahati tu).

Hatua ya 5. Usichukue alama ya mwisho aliyopimwa mgonjwa ukaiandika kama ya mwezi wa 12. Ahueni ya kiharusi hukimbia zaidi miezi ya mwanzo, kwa hiyo aliyeondoka mwezi wa pili unamgandisha hapohapo. Jaza kila pengo kwa makisio kadhaa tofauti (multiple imputation) kwa kifurushi cha mice ndani ya R, programu ya takwimu, ukiingiza kila kinachohusiana na kuondoka au kupona. SPSS, programu nyingine ya takwimu, inaweza pia, ila wiki ijayo hutakumbuka ulibofya wapi.

Hatua ya 6. Ujazaji huo unadhani data ulizonazo zinatosha kueleza nani kaondoka. Huenda hazitoshi. Tuseme 70 kati ya 100 wamebaki na wastani wao ni 75. Kama 30 waliopotea wana 45, wastani wa wote ni 66. Basi shusha alama zilizojazwa kwa 5, kisha 10, kisha 15, kwanza kwenye kundi la mazoezi peke yake, uone hitimisho linageuka wapi. Namba hiyo iandike kwenye ripoti, chini ya jedwali kuu, si kwenye kiambatisho.