Somo: Kuchora ramani ya pembesita kwa Inkscape kwa ajili ya michezo ya vita ya mezani

Ramani ya vita huharibikia kwenye gridi. Misitu na milima inaweza kurekebishwa wakati wowote, lakini pembesita zikipishana hata kidogo, kosa hujilimbikiza safu kwa safu na mwisho wa ukurasa kete, vile vipande vya mraba vinavyowakilisha vikosi, hazikai tena mahali pake. Kwa hiyo tutakaa sana kwenye gridi.

Tutatumia Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, toleo la 1.0 au la baadaye. Ni ya bure. Mfano wetu ni karatasi ya A4 na kete za mm 12.7.

1. Fungua Preferences, ingia Tools, chagua Geometric bounding box. Usiiruke hatua hii. Bila hiyo programu hupima umbo pamoja na unene wa mstari wake, nawe utapata pembesita ndogo kuliko ulivyoandika.

2. Kwenye Document Properties weka A4 na kipimo cha mm.

3. Chukua zana ya poligoni, weka pembe 6. Shikilia Ctrl, vuta kwenda juu moja kwa moja ili ncha itazame juu. Ondoa rangi ya ndani. Mstari uwe wa kijivu, mm 0.3. Rudi kwenye mshale wa kuchagulia, funga kufuli la uwiano, andika W (upana) 19. H (kimo) inapaswa kusoma 21.939. Ikisoma vinginevyo, pembesita imelala upande: ifute uchore upya.

4. Iweke X 14.75, Y 14.1. Bonyeza Ctrl+D kupata nakala, kisha Ctrl+Shift+M kufungua dirisha la Transform, na uisogeze nakala hiyo X 9.5, Y 16.454. Chagua zote mbili, Ctrl+G kuzifanya kundi moja. Kundi lisome 28.5 kwa 38.393.

5. Edit, Clone, Create Tiled Clones. Ulinganifu ubaki P1. Kwenye Shift: Shift X, kwa kila safuwima, -33.333%, Shift Y, kwa kila safu, -14.286%. Safu 8, safuwima 9. Bonyeza Create: pembesita 144.

Kloni (nakala inayofuata umbo la asili) ya kwanza hulala juu kabisa ya kundi la asili. Futa hiyo kloni, si la asili. Ukibadilisha rangi ya la asili, gridi nzima inafuata. Ukilifuta, kloni zote zinajitegemea na faida hiyo imepotea.

6. Matabaka (Layers), kuanzia chini: ardhi, misitu, mito, barabara, gridi, maandishi. Funga la gridi kabla ya kugusa mengine. Barabara zipite katikati ya pembesita. Mito, kama kanuni zako zinatoza gharama ya kuvuka, ifuate pande za pembesita: washa Snap, ile alama ya sumaku, ili kila kona ya mto inase kwenye kona ya gridi. Mto unaokata pembesita katikati huacha wachezaji wakibishana kikosi kiko ng'ambo ipi.

7. Hifadhi PDF, chapisha kwa 100%.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kete zangu ni za mm 15. Pembesita ni 19, mbona kona zinatokeza nje?

Jibu: Kwa sababu kete ni mraba, na pembesita hubana kuelekea nchani. Zidisha upande wa kete kwa 1.366: hicho ndicho kima cha chini, na kwako ni 20.5. Hapo kona zinagusa mstari, kwa hiyo chukua 23 ili vidole vipate nafasi. Nakala ya hatua ya 4 isogee 11.5 na 19.919, asilimia hazibadiliki. Safuwima zitakuwa 7, na safu za kundi 6.

Swali: Mistari ya ndani imekolea kuliko ya pembeni. Nimekosea wapi?

Jibu: Umepunguza opacity, yaani umeifanya rangi ipitishe mwanga. Kila upande wa ndani umechorwa mara mbili, na rangi inayopitisha mwanga hujumlika. Rudisha 100%, kisha tumia kijivu chepesi.

Swali: Nimechapisha, nikapima pembesita 9 za safu moja, nimepata mm 166 badala ya 171.

Jibu: Printa imepunguza hadi 97% kutosheleza ukurasa. Chagua ukubwa halisi. Kwa ramani ya kurasa kadhaa, zichapishe zote kwa mpangilio mmoja, la sivyo hazitaungana.

Swali: Pembesita ikiwa nusu msitu, nusu tambarare?

Jibu: Weka nukta ndogo katikati ya kila pembesita, ndani ya kundi la asili, kloni zote zitaipata. Ardhi iliyo chini ya nukta ndiyo inayotawala. Ila wewe mchoraji usiiache nukta mpakani mwa msitu: sogeza mpaka wa msitu mbali na nukta waziwazi, angalau mm 3.