Usikaze bolti za bushi gari likiwa juu

Kwa wenye gari zinazolala Nzuguni, Ihumwa na mitaa mingine ya Dodoma isiyo na lami: ukisikia mbele panagonga na gari linavuta upande ukikanyaga breki, chungulia kwanza bushi, yaani mipira ya maungio, za ule mkono wa chini unaoshika tairi kabla hujanunua shokapu. Mpira uliochanika unaonekana kwa tochi. Ukiwa na shaka, chomeka mtaimbo usukume. Mkono ukicheza sana, bushi imekwisha.

Kufungua si kazi. Gari likae juu ya stendi, jeki peke yake haiaminiki. Weka alama bushi ya zamani inaelekea upande gani, maana nyingine zina matundu ambayo hayatakiwi kugeuzwa. Kutoa na kuingiza, mpelekee fundi mwenye presi, mashine ya kukandamiza. Ikigoma kuingia, tumia maji ya sabuni. Oili na grisi ya kawaida vinaharibu mpira.

Sasa hapa ndipo wengi, hata mafundi, wanapokosea. Gari likiwa juu, bolti za bushi zishikizwe tu. Rudisha tairi, shusha gari libebe uzito wake, litikise, ndipo ukaze kabisa. Kama chini hakuna nafasi, pandisha tairi zote juu ya mbao nene. Ukikaza mkono ukining'inia, bushi inabanwa katika mkao huo. Gari likishuka mpira unabaki umejisokota muda wote, na utachanika mapema hata kama ni orijino.

Ukimaliza, kapime alaimenti, yaani mkao wa tairi.