Vipele vya kuwasha: anza na daftari
Ngozi ikianza kuwasha na kutoka vipele, usiache vyakula vitano kwa mpigo. Hutajua mkosaji ni kipi. Andika ulichokula, saa ngapi, na vipele vilitokea lini na wapi mwilini. Vipele vya aleji ya chakula mara nyingi hutokea ndani ya dakika chache hadi saa 2, lakini pumu ya ngozi (ukurutu, yaani eczema) yaweza kuchachamaa hata siku ya pili, na hapo ndipo kumbukumbu hutupotosha. Andika pia sabuni mpya uliyotumia, tafadhali, maana chakula husingiziwa sana. Mwoneshe daktari daftari hilo kabla ya kumnyima mtoto maziwa au mayai. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, acha daftari, wahi hospitali.